Haki ya Kiumbe Uliyemfungia

Ndugu yetu mmoja akaaye Uingereza ametuuliza: mwanawe ataka kununuliwa mjusi wa kufuga, je, pana ubaya? Hapana shaka baadhi ya wasomaji watacheka, kwani huku kwetu mjusi kafiri akionekana ukutani hutafutwa kiatu. Lakini swali hili si la kuchekwa. Ndani yake mna jambo kubwa: mtu akimfungia kiumbe, ana deni gani kwake?

Mjusi huyo si wa ukutani. Kwao ni nchi kavu zenye mawe za Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, na Waingereza wamempa jina la chui kwa ajili ya madoa yake. Mchana hujificha, na jua likitua hutoka kuwinda wadudu. Mkia wake mnene ndio ghala ya akiba yake. Akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 15 hata 20.

Huko kwao akiona baridi hutafuta jiwe lenye joto. Akiona joto huingia pangoni. Akiwa na njaa huwinda. Amtiaye katika sanduku la kioo amemnyang'anya yote hayo, nayo yote yamehamia shingoni mwake yeye. Yampasa upande mmoja wa sanduku autie joto la digrii 30 hadi 32, na wa pili uwe na ubaridi kidogo, mnyama apate kuchagua. Kwani bila ya joto chakula hakisagiki tumboni. Ampe mahali pa kujificha, na pango dogo lenye unyevu, kwani ngozi kuukuu ikimkwama huweza kumkata vidole. Wala madume mawili wasiwekwe pamoja.

Chakula chake ni wadudu walio hai, kama nyenje, mboga hali. Wapakwe unga wa kalsiamu na vitamini D3, ama sivyo mifupa yake hulainika ikapinda. Wadudu wa bustanini huenda wamepuliziwa dawa, na vimulimuli ni sumu. Naye amshikaye na aoshe mikono kwa sabuni, kwani mijusi huweza kubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo.

Mtu atasema: "Mimi nampenda." Mapenzi peke yake hayalipi deni. Wako waliomtandikia mchanga kwa kumpendezea, akaumeza pamoja na windo, ukamziba matumbo akafa.

Mwingine atasema: "Imepokewa amri ya kuua mjusi, ana haki gani tena?" Hatuingii hapa katika kauli za wanazuoni juu ya mjusi aliyekusudiwa. Twasema tu kwamba kuua ni jambo moja, na kutesa ni jingine. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hata mwenye kuchinja achinje kwa wema na anoe kisu chake. Naye ametupa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Zingatieni sehemu hiyo ya mwisho. Aliifunga njia ya riziki, kisha asifungue nyingine badala yake.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili. Ikiwa wayajua haya na wayaweza, hatuoni ubaya. Lakini mwanao wa leo atakuwa mtu mzima na mjusi yungali hai. Je, siku mtoto atakapochoka naye, utamlisha wewe? Usipokuwa na hakika, usimnunue.

Nasi tuliobaki huku tusimcheke. Kasuku aliye tunduni barazani, punda afungwaye juani na mzigo mgongoni, kuku wafungwao miguu sokoni tangu asubuhi bila ya maji: hao wamefungwa na nani, na nani atakayeulizwa?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutimiza amana zetu. Amin.