Hesabu ya Samaki na Hesabu ya Watu

Mzamiaji ashukapo kwenye miamba ya matumbawe ya visiwa vya Chagos, kusini ya Maldivi, huchukua utepe wa kupimia, ubao wa kuandikia majini na kalamu ya risasi. Huunyosha utepe juu ya mwamba, akaufuata polepole, akaandika kila samaki amwonaye, aina yake na urefu wake kwa kukisia. Ni kazi ya saburi. Pasipo hiyo, nani angejua kiasi cha hasara iliyoletwa na joto la bahari la mwaka 1998, na lile la 2015 na 2016, lililopausha na kuua matumbawe mengi ya huko?

Wataalamu huisifu Chagos kuwa kipimo cha pengine: mwamba usiovuliwa sana hufundisha miamba iliyochoka imepoteza nini. Lakini kwa nini hauvuliwi? Kati ya mwaka 1968 na 1973 wakazi wa visiwa hivyo, wengi wao wazao wa watumwa waliotolewa Msumbiji na Bukini kutumikia mashamba ya minazi, waliondolewa na Uingereza ili Marekani ipate kituo cha kijeshi Diego Garcia. Walipelekwa Morisi na Shelisheli. Mwaka 2010 bahari waliyoiacha, isipokuwa ile ya Diego Garcia, ikatangazwa hifadhi, zaidi ya kilomita za mraba 600,000.

Je, ni haki kuuita utupu huo usafi wa asili? Watetezi husema kwamba hesabu haikumfukuza mtu, na kwamba elimu ipatikanayo yawafaa wavuvi wa pwani zote. Hoja hii ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Pengine mzamiaji hakuwa hata amezaliwa siku zile. Lakini lugha yake ndiyo imtiayo hatiani. Aandikapo kuwa mahali hapajaguswa, huwafuta waliopagusa kwa vizazi vingi na kuzika wazee wao papo hapo.

Tena mwamba wenyewe humkanusha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha visiwa vya huko vyenye panya, ambao waliletwa na watu, na visivyo nao. Pasipo panya, wingi wa ndege wa baharini ulikuwa mara 760 zaidi. Mbolea yao huteremka majini, na jumla ya uzito wa samaki mwambani ilizidi kwa karibu asilimia 48. Alama ya binadamu, basi, imo katika nyama ya samaki, naye hasomeki vema na mtu asiyetaka kusoma habari za merikebu na mashamba ya mbata.

Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai kwamba Uingereza haikuwa na haki ya kuvitenga visiwa hivyo na Morisi. Hayo ni ya wanasheria. La mzamiaji ni dogo zaidi: juu ya ukurasa wake, panapoandikwa jina la mahali na tarehe, pana nafasi ya kuandika nani aliishi hapo, na mwaka gani aliondolewa.