Glavu Zilezile

Shosho wangu ni mtu wa Ruiri, Meru. Figo zake zilipogoma aliwekewa katheta, mrija laini unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Damu inatoka hapo, inasafishwa na mashine, inarudi. Bakteria nao wanaweza kupita njia hiyo hiyo.

Siku moja mhudumu alitoka kwa mgonjwa wa kitanda jirani, akashika katheta ya shosho na glavu zilezile. Niliona. Nikanyamaza. Utamwambiaje mtu aliyesomea kazi yake, tena amechoka, nawe umeshika tu flaski ya uji? Halafu ukiondoka, shosho anabaki mikononi mwake.

Baada ya siku 2 akaanza kutetemeka kwa homa. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu. Siwezi kuapa kwamba ni zile glavu. Katheta ikatolewa, akapewa dawa, akapona. Tukirudi nyumbani akaniambia, "Hata mimi niliziona. Nilikuwa nangoja wewe uliyesoma useme."

Tangu hapo najiuliza: kunyamaza kwangu kulikuwa heshima ama uoga? Wengi wataniambia ningejikaza tu. Ni kweli, lakini haitoshi. Kumkosoa mtu ambaye uhai wako uko mikononi mwake ni kitu kigumu sana. Tukimwachia mgonjwa kazi hiyo, tutazika wengi.

Mwaka 2001, Peter Pronovost, daktari wa Johns Hopkins kule Marekani, aliorodhesha hatua 5 za kuweka katheta: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa dawa, kuvaa na kumfunika mgonjwa kwa vitambaa visivyo na vijidudu, kuepuka mshipa wa kinena, na kuitoa isipohitajika tena. Hayo yote yalijulikana. Jipya lilikuwa kwamba nesi aliruhusiwa kumsimamisha daktari akiruka hatua, na wakubwa wangemuunga mkono. Vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 100 jimboni Michigan vilifuata mpango huo. Matokeo yalichapishwa 2006: maambukizi yalishuka kwa hadi asilimia 66.

Sidhani madaktari wa Michigan waligeuka malaika. Ni kwamba kusema kulikuwa sehemu ya kazi, si utovu wa adabu.

Siku hizi nikimpeleka shosho huwa nauliza, "Samahani sista, hizo glavu ni mpya?" Sauti bado inanitetemeka. Natamani swali hilo lingebandikwa ukutani, ili shosho akienda peke yake asihitaji kuwa jasiri.