DENI LA ZAMANI: JE, MUDA HUFUTA HAKI?

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu Muislamu, siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia mtu wa hapa kwetu Mombasa, mtu wa makamo, mwenye sura ya kheri, akaketi mbele yangu barazani akasema: “Bwana, nina suala linalonikosesha usingizi. Mwaka 2016 nilikopa benki shilingi 60,000 nipate kuongeza bidhaa dukani. Biashara ikavunjika. Nikalipa kidogo, kisha nikaacha. Wakili mmoja ameniambia kuwa miaka imekwisha kupita, na hapana mahakama itakayoisikiliza tena daawa hii. Lakini wadai wanaotumwa hawaachi kunipigia simu, na mmoja wao alimpigia mkwe wangu siku ya akika ya mwanangu, akanifedhehi. Na jina langu limeandikwa kwa ubaya, kila niendako kutaka bidhaa kwa mkopo nakataliwa. Je, mimi nawiwa bado, au Mwenyiezi Mungu amekwisha kunitua mzigo huu?”

Nikaona kuwa suala hili si la mtu mmoja. Tangu ilipoanza mikopo ya simu hapa Kenya mwaka 2012, mtu hukopa akiwa kitandani, bila ya shahidi wala mdhamini, na hulisahau deni kwa wepesi uleule alioutumia kulichukua. Kwa hivyo nimependa kuyaandika haya, huenda yakamfaa mwingine.

JUU YA MUDA

Ni kweli kuwa sheria ya Serikali ya Kenya, iliyo katika Sura ya 22, imeweka miaka 6 kwa madai yatokanayo na mapatano. Ikipita miaka hiyo, mwia (yaani mwenye mali yake) akienda mahakamani, mwenye deni aweza kujikinga kwa kusema kuwa muda umekwisha. Sheria hii haikuwekwa bure. Mashahidi hufa, hati hupotea, na mtu asiyewiwa kitu aweza kudaiwa deni la uwongo, asiwe na njia ya kuonyesha ukweli wake. Kwa mtu wa namna hiyo sheria hii ni ngao, wala hapana lawama kwake akiishika.

Lakini wewe unayejua katika moyo wako kuwa ulichukua wala hukurudisha, ngao hiyo utaishika mbele ya nani? Kadhi wa dunia huhukumu kwa alionyeshwalo. Ama Mwenyiezi Mungu hahitaji hati wala shahidi.

Na jambo hili wanazuoni wetu walilipambanua zamani. Dola ya Uthmania ilipoandika Majalla yake, baina ya mwaka 1869 na 1876, iliwakataza makadhi kusikiliza madai mengi yaliyopita miaka 15. Juu ya hayo, kitabu hicho hicho kikabainisha kuwa haki yenyewe haianguki kwa kupita zamani, na kwamba mwenye kukiri mbele ya hakimu kuwa anawiwa, basi atahukumiwa alipe. Tazama basi: kufungwa kwa mlango wa mahakama ni jambo moja, na kutoka kwa deni katika shingo ya mtu ni jambo jingine. Na katika madhehebu yetu ya Shafii pia deni halitoki ila kwa mambo kama kulilipa, au kusamehewa na mwenyewe, au kulihamishia kwa mtu mwingine kwa ridhaa yake huyo mwia.

Zubeir bin Awwam, Mungu amwie radhi, alipouawa siku ya Jamal katika mwaka 36 wa Hijra, aliacha deni la 2,200,000. Mwanawe Abdalla akalilipa. Ndugu zake walipotaka urathi ugawanywe, akakataa. Akanadi katika musimu wa Haji miaka minne, mwaka baada ya mwaka, kuwa kila anayemdai Zubeir na aje tumlipe. Ndipo akagawa. Mtoto huyu hakungoja deni lichakae; alilitafuta nalo limejificha.

Na sote tunajua khabari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza kama maiti anawiwa kitu. Alipoambiwa dinari tatu, hakumsalia. Akawaamrisha sahaba zake wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipozichukua dinari zile katika dhima yake, ndipo akasali. Dinari tatu tu, ndugu yangu!

JUU YA UBAYA WA WADAI

Wako wasemao: “Hawa wametutukana na kutufedhehi, basi hatuwalipi.” Hili ni kosa katika hesabu. Matusi ya mdai ni haki yako juu yake, na mali yake ni haki yake juu yako. Dhuluma mbili hazilipani.

Mtu mmoja alikuja kumdai Mtume wetu ngamia, akasema maneno makali hata sahaba wakataka kumdhuru. Mtume akawazuia, akawafahamisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, na akaamrisha apewe ngamia aliye bora kuliko wake. Hii ndiyo adabu ya mwenye kuwiwa.

Hata hivyo, haya hayampi mdai ruhusa ya kumvunjia mtu sitara yake. Mkwe wako hakukopa. Jirani yako hakukopa. Kumpigia simu yeye akajua aibu yako si kudai, ni kuumbua. Na Serikali nayo imeyaona haya. Kanuni zilizotolewa mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa mikopo ya simu zimewakataza kutisha watu, kutumia maneno machafu, na kuyachukua majina yaliyo katika simu ya mkopaji wakawapigia wenyewe. Aliyefanyiwa hayo anaweza kushitaki kwa Benki Kuu ya Kenya, au kwa afisi ya ulinzi wa khabari za watu iliyotokana na sheria ya mwaka 2019. Na ashitaki, wala asione haya. Lakini ashitaki huku akilipa.

Na hapa ni lazima kumpambanua mwenye uwezo na asiye nao. Mwenye uwezo akichelewesha, huyo ni dhalimu, kama alivyotufunza Mtume wetu. Ama aliyefilisika kweli, Qurani katika Sura ya Baqara, aya ya 280, imemwamrisha mwia ampe nafasi mpaka apate, na ikamwonyesha kuwa kusamehe ni bora zaidi. Mwenye kumbana fakiri kwa vitisho ajue kuwa hadai tena mali. Anadai asichoweza kupewa.

JUU YA RIBA

Wako na wengine husema: “Mkopo ule ulikuwa wa riba, na riba ni haramu, basi silipi.” Ajabu ya mtu huyu ni kuwa uharamu hakuuona siku ya kupokea, ameuona siku ya kulipa! Aya ya 279 ya Sura hiyo hiyo imemwachia mwia rasilmali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Zile shilingi 60,000 ni mali ya watu kwa ijmai; hapana wa kusema vingine. Mwenye kuzila hizo kwa kisingizio cha riba amekusanya madhambi mawili: aliingia katika riba, na akala mali ya watu kwa batili.

Ama ziada iliyopita rasilmali, na afanye juhudi iondolewe au ipunguzwe, na atubie asirudi. Na ajue kuwa hata sheria ya mabenki ya Kenya, katika kifungu 44A kilichoanza kufuatwa mwaka 2007, imeizuia benki isikusanye riba kupita kiasi cha rasilmali iliyobaki siku mkopo ulipoacha kulipwa. Wengi hudaiwa zaidi ya hapo, wakalipa kwa kutojua.

JUU YA KUANDIKWA JINA

Nikaulizwa tena: “Na hii kuandikwa majina ya watu katika hizi afisi za khabari za wakopaji, ambazo watu huziita CRB, si kusengenyana?”

Jawabu ni kuwa kuandika deni si aibu, ni amri. Aya ya 282, nayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ni ya kuandika deni. Na kumwambia mwenye kutaka shauri khabari ya kweli inayomhusu si katika usengenyaji uliokatazwa. Fatma binti Qais alipomtaka shauri Mtume juu ya wanaume wawili waliomposa, alimweleza aibu ya kila mmoja wao, na miongoni mwa aliyomweleza ni kuwa Muawiya hana mali. Basi mfanyi biashara anayetaka kujua kama mtu hulipa, akaambiwa kweli, hakukosewa mtu. Lakini khabari hiyo haina njia ya kwenda kwa asiyehusika, na ikiwa ya uwongo basi imekuwa uzushi, nao ni mzito zaidi kuliko kusengenya. Benki iliyolipwa ikaacha kulisahihisha jina la mtu, imemdhulumu kila siku inayopita.

NAMNA YA KUJITUA MZIGO

Anayetaka kutoka katika madeni ya zamani, kwanza na aketi peke yake ayaandike yote: alimkopa nani, kiasi gani, mwaka gani, na kiasi gani amelipa. Kisha na aitake hati ya khabari zake katika afisi hizo. Ana haki ya kuipata bure mara moja kila mwaka. Akiona humo deni asilolijua, au alilokwisha kulilipa, na apinge kwa maandishi na aambatishe risiti.

Akipigiwa simu na mtu asemaye ametumwa, asimpe pesa mara moja. Na amwombe hati ionyeshayo kuwa ametumwa na mwenye mali, na hesabu ya rasilmali na ziada mbalimbali. Kisha amlipe mwia mwenyewe, si katika simu ya yule mtu. Na ajue pia kuwa kwa sheria ya Serikali, mwenye kulipa sehemu, au kukiri deni kwa hati, huanza kuhesabiwa muda upya. Simtajii haya ili akimbie, bali ili akiri kile anachokijua kuwa ni kweli, asitie saini hesabu asiyoisoma.

Kisha na waombane suluhu. Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti hata sauti zao zikapanda. Mtume akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali, na hapo hapo Mtume akamwamrisha yule mwingine ainuke alipe. Tazama uzuri wa hukumu hii: mwia ameachilia nusu, na mwenye deni hakuachiwa kuchelewesha nusu iliyobaki. Mwezi wa Novemba mwaka 2022, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa mabenki kupunguza nusu ya mikopo midogo ya simu iliyokwama, na mkopaji alipe iliyobaki mpaka mwisho wa Mei 2023. Mpango ule umekwisha, lakini mlango wa kusikizana haukufungwa. Mwenye kuja na pesa mkononi husikizwa.

Na akimaliza, asiondoke ila na hati isemayo kuwa deni limekwisha, kisha atazame kuwa jina lake limesahihishwa. Asistaajabu ikiwa khabari ya kuwa alichelewa itabaki kwa muda katika daftari. Jeraha hupona kabla ya kovu.

KHATIMA

Nilipokwisha kumweleza mtu yule haya yote, alinyamaza. Kisha akasema: “Nimefahamu. Nitakwenda benki.” Nikamwuliza: “Je, hapana mwingine unayewiwa naye?” Akainamisha kichwa, akasema: “Yuko marehemu mwenye duka la mtaani kwetu. Katika miaka ile ya shida nilikuwa nikichukua kwake mchele na mafuta kwa daftari. Alikufa kabla sijamlipa, na daftari sijui liko wapi. Ameacha mjane na watoto. Lakini hilo hapana anayenipigia simu.”

Nikamwambia: Basi anza na hilo. La benki lina watu wa kukukumbusha asubuhi na jioni, na hili halina wa kulikumbuka ila wewe na Mola wako. Nenda kwa mjane na watoto, kisia kwa kuzidisha wala usikisie kwa kupunguza, uwape haki yao au uwaombe nafasi. Na mwenye kutafuta warithi kwa juhudi asiwapate kabisa, wanazuoni wamesema na aitoe mali ile sadaka kwa niya ya mwenyewe, na akija mwenyewe siku moja amlipe.

Ndugu zangu, wahenga wetu walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa, hawakusema kungoja. Tunaogopa daftari la afisi kwa kuwa litatuzuilia mkopo mwingine. Tuliogope zaidi daftari lile ambalo hapana muda wa kulifuta, na siku litakapofunguliwa hapana shilingi ya kulipia, ila mema yetu.

Mwenyiezi Mungu atulipie madeni yetu, awape subira wanaotudai, na atutoe duniani hali ya kuwa hatuwiwi na mtu. Amin.