Gari la Kwenye Picha Halitoi Moshi

Mjukuu wangu, weka simu chini kidogo, tuongee.

Najua gari limekupendeza. Limepigwa picha jioni, jua liko nyuma yake, tairi zimepakwa dawa zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Chini pameandikwa: namba D, mkono mmoja, AC inapuliza barafu, mwenyewe anasafiri, maongezi yapo. Ukapiga. Sauti ya upole ikakwambia kuna mwenzako yuko njiani na hela taslimu, ila wewe umeonekana mstaarabu, basi tuma kishika uchumba cha laki tano, gari lisimame.

Usitume. Nakuomba, mwanangu, usitume.

Babu yako alishika spana Gerezani kabla wazazi wako hawajajuana. Baadaye niliuza magari katika yadi za Kinondoni hadi magoti yaliponikataza kusimama juani. Nimepokea magari ya Dubai enzi za Mzee Ruksa, gari moja likiingia mtaani watoto wote wanalikimbilia. Nimepokea ya Japani yalipoanza kushuka bandarini kwa wingi. Nimeona na biashara hii ya kwenye simu. Miaka yote hiyo sijamwona mtu aliyelia kwa kuchelewa kulipa. Waliokuja kulia kwangu wote walikuwa wamewahi.

Mtoto wa dada yangu ni mwalimu. Aliweka akiba miaka mitatu, akaongeza mkopo wa SACCOS, akaona gari aina ya IST kwenye simu. Hakuwa mjinga. Alikwenda akaiona, akaiendesha, akaonyeshwa kadi. Bei ilikuwa chini ya zote alizoziona kwa milioni tatu, naye akadhani ni bahati yake. Akalipa milioni tisa Jumamosi jioni, kwenye maegesho ya mgahawa, TRA wakiwa wamekwisha kufunga ofisi.

Siku ya tisa polisi waligonga mlango wake alfajiri, wamefuatana na mwenye gari. IST ile ilikuwa ya kukodisha. Tapeli aliikodi kwa wiki, akachapisha kadi ya bandia, akaiuza, akatupa laini ya simu. Nilikuwa naye kituoni. Gari likachukuliwa, yeye akaruhusiwa kuvua vitambaa vya viti alivyokuwa amevinunua. Alirudi nyumbani kwa daladala amevikumbatia. Mkopo anaulipa hadi leo.

Mwanangu, picha haina mlango wa kugonga. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi nikikuona unapekua simu usiku. Gari lolote lililotumika linaweza kuharibika, hata la mtu mwema. Swali ni moja: siku likiharibika, au siku mwenye mali akitokea, utakwenda kugonga kwa nani?

Usidhani nawapigia debe wenye yadi. Nimekaa nao, nawajua. Magari mengi unayoyaona yamepangwa pale si yao. Ni mali kauli: mtu kaleta gari lake, kataja anachokitaka, yadi inaweka cha juu. Kwa hiyo hata ukiwa yadini uliza bila aibu, hili ni lenu au ni la mali kauli? Kadi ina jina la nani, na huyo mtu yuko wapi?

Nitakwambia na lingine, ingawa linaniuma. Nilimwona fundi umeme akichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, na gari lililotembea kilomita 180,000 likasoma 70,000 kabla chai yangu haijapoa. Nilinyamaza. Likanunuliwa na mama mmoja muuguzi. Yeye akaamini namba aliyoiona, hakubadilisha mafuta ya giaboksi, na baada ya miezi michache giaboksi ikaanza kuruka.

Lakini sikiliza kilichofuata. Yule mama alirudi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki pale getini tangu asubuhi, na kila mteja aliyeingia alimsimulia habari yake. Hakutukana, hakupiga kelele. Kabla ya adhuhuri mwenye yadi alikubali kulipia giaboksi nyingine. Mimi nikasimamia kufungwa kwa giaboksi hiyo, na hapo ndipo nilipoanza kukataa magari ya kilomita zilizorudishwa. Mama yule aliponea kwenye lile geti. Angekuwa amenunua kwenye picha, kiti kile angekiweka wapi?

Simu nayo ina haki yake, sitaisingizia. Wenzangu wa yadi wanainung'unikia kwamba imewaharibia biashara, mteja siku hizi anakuja na bei ya Japani mkononi. Mimi nasema vizuri. Zamani tulikuwa tunamtazama mtu viatu ndipo tunataja bei. Tumia simu kujua bei, mjukuu wangu. Linganisha hata magari hamsini. Ukiona moja liko chini sana kuliko wenzake wa mwaka uleule na injini ileile, usiseme umelipata. Nyama ya bei ya mifupa, uliza mbwa wa nani amekwisha kuionja.

Ukitaka kuagiza mwenyewe kutoka Japani, hapo nakuelewa zaidi, kwa sababu Mjapani ana makaratasi. Gari jipya kwao hukaguliwa na serikali likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Ndiyo maana wengi wao huliuza likiwa bado na nguvu. Linapelekwa mnadani, mkaguzi analizunguka, anaandika karatasi. Iombe karatasi hiyo ya mnada. Alama 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa. Ukiona R au RA, jua limewahi kupata ajali likatengenezwa. Kuna na mchoro wa gari uliojaa herufi: A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni pale paliponyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba ya chesisi ya kwenye karatasi na ya kwenye cheti cha kufutwa usajili kule Japani lazima zifanane na iliyogongwa kwenye bati. Herufi moja ikitofautiana, simama.

Pesa itume benki, kwenye akaunti yenye jina la kampuni yenyewe. Majina kama BE FORWARD na SBT yanajulikana hadi kwa watoto wa mtaani, na majina makubwa ya namna hiyo ndiyo matapeli hupenda kuyaiga, wakabadilisha herufi moja kwenye anwani ya tovuti. Ukiletewa ujumbe kwamba akaunti imebadilika, lipia kwa fulani, usilipe. Tafadhali sana, usilipe. Tafuta namba ya kampuni kwa njia nyingine, uulize kwa mdomo wako.

Na usiisome bei ya kwenye skrini kama vile ndiyo bei ya gari. FOB ni gari likiwa kwenye bandari yao. CIF ni pamoja na meli na bima hadi Dar es Salaam. Baada ya hapo TRA wanakungoja. Wana kikokotoo chao cha magari yaliyotumika, na thamani iliyomo humo ndiyo itakayokubana hata kama wewe umelinunua kwa bei ya kutupa. Ushuru wa forodha ni 25%. Kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na VAT ya 18%. Gari dogo likifika miaka 8 linaongezewa tozo ya uchakavu, likipita 10 tozo inakuwa nzito zaidi. Ndugu zetu Wakenya gari lililozidi miaka 8 hawaliruhusu kabisa. Sisi tunaliruhusu, lakini tunalitoza. Ongeza wakala wa forodha, tozo za bandari, usajili, bima.

Nilimjua binti aliyeuza kiwanja chake Chanika akaagiza gari. Alihesabu hadi CIF tu. Gari likashuka, hela ya ushuru hana. Storeji ikawa inahesabu kila siku, naye anazunguka kwa ndugu na jamaa. Likaishia kwenye mnada wa forodha, akalinunua mtu mwingine. Amekosa gari, na kiwanja kimekwenda. Fungua kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata dola moja. Nakusihi, kabla.

Sasa hili la hapa nyumbani, lililokwisha kusajiliwa, la kwenye simu au la yadini. Nenda asubuhi na mapema. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, ameiamsha ili akufiche kitu. Injini iliyolala baridi haijui kudanganya. Ikiamka ikitoa moshi wa buluu, inakula oili. Fungua mfuniko wa oili uangalie chini yake: ukiona ute kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, usilichukue.

Tazama mpira wa pedali ya breki. Kilomita 60,000 hazili mpira hadi chuma. Tazama usukani kama umelainika kama mpini wa jembe la zamani. Kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti Wajapani hubandika kikaratasi wakibadilisha oili, wanaandika tarehe na kilomita. Kama kimebanduliwa na gundi imebaki, uliza kwa nini.

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Gari lililozama kwenye maji huoshwa kote, ila mwisho wa mkanda wengi huusahau, utauona mstari wa tope. Inua zulia unuse. Angalia bolti za viti na shimo la tairi ya akiba kama kuna kutu. Angalia bolti za boneti na za mashavu kama rangi yake imechubuliwa na spana, maana bolti ya kiwandani haina alama ya meno. Kisha liendeshe, taratibu na kwa kasi, kwenye lami na kwenye mashimo, redio ikiwa imezimwa. Muuzaji anayeongea sana wakati wa kuendesha, mwombe anyamaze kidogo.

Nenda na fundi wako, uliyemchagua na kumlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni dalali wa pili.

Halafu karatasi, na hapa ndipo vijana mnapochoka haraka kwa sababu gari mmekwisha kulipenda. Taka kadi halisi. Ukiambiwa imepotea, iko ripoti ya polisi tu, jua mara nyingi kadi hiyo iko kwenye kabati la mkopeshaji fulani. Jina la kwenye kadi lifanane na la kwenye kitambulisho cha mtu aliyesimama mbele yako. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone faini, angalia na madeni ya maegesho, maana deni linafuata namba, nawe ndiwe utakayesimamishwa barabarani. Nendeni TRA pamoja, siku ya kazi, mchana. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria. Pesa iingie benki kwa mwenye kadi, si kwa shemeji yake, si kwa dalali wa kumfikishia.

Utasema babu anakuchelewesha, gari litachukuliwa. Lichukuliwe! Dar es Salaam hii IST hazijaisha tangu zianze kuja. Akiba yako ya miaka mitatu ikienda hairudi kwa meli ya mwezi ujao. Mama yako amekwisha kuzeeka kwenye cherehani ili wewe usome. Usimpe mtu usiyemjua sura jasho lake kwa sababu tu amekuita mstaarabu kwenye simu.

Basi huyo wa laki tano mpigie sasa hivi, nikiwa nakusikia. Mwambie hutumi kitu leo. Mwambie Jumatatu saa 1 asubuhi gari liwe halijawashwa, aje na kadi na kitambulisho, babu yako anakuja na tochi. Rafiki yangu wa Gerezani nimekwisha kumwambia, ataleta jeki. Akikubali, nipitie saa 12 kamili, nitakuwa barazani. Akikata simu, njoo vilevile. Bibi yako atakuwa amechoma vitumbua, tutakula huku tunatafuta jingine.