Haki na Mwenye Kuijua

Je, haki asiyoijua mwenyewe yabaki kuwa haki yake? Ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 yampa kila mtu haki ya kupata habari, na Sheria ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, yazilazimisha kampuni za migodi kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Lakini mama wa Lubudi, eneo la migodi nchini humo, ambaye simu yake humfikishia uvumi wa WhatsApp kabla ya matini ya Kifaransa ya kifungu cha 258 bis cha sheria hiyo, amsadiki nani? Na aulize habari imetoka kwa nani, lini, na kwa kifungu gani, kisha asomewe sheria yenyewe kutoka tovuti ya sheria ya Leganet. Kumtwika taabu hiyo peke yake, hata hivyo, si insafu: wajuao Kifaransa wana deni kwake la tafsiri iliyo amini.