Mtaala wa Sheria na Deni la Lugha

Asiyesoma elimu ya nyota haadhibiwi kwa kutoijua. Asiyesoma udaktari haulizwi kwa nini hakujitibu mwenyewe. Lakini asiyesoma sheria huhukumiwa kwa sheria hiyo hiyo, wala hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakuijua. Kanuni za Adhabu za Uganda, Kenya na Tanganyika, zilizotungwa zote mwaka 1930 chini ya utawala wa Kiingereza, zilikubaliana katika jambo hili, na nchi zetu zimelirithi mpaka leo: kutojua sheria si udhuru. Basi mwanakijiji aliye mbali na mji, ambaye hajapata kukiona kitabu cha sheria kwa macho yake, huhesabiwa kuwa amekisoma.

Kanuni hiyo ina sababu zake. Kama kila mhalifu angeruhusiwa kusema "sikujua" akaachiliwa, mahakama zisingekuwa na kazi. Hatuipingi. Tunalotaka kuuliza ni hili: ikiwa sheria yamdai kila mtu aijue, je, sheria yenyewe yadaiwa nini? Na wale vijana wanaokaa chuo kikuu miaka kadhaa wakijifunza sheria, je, kuweza kuieleza kwa lugha ya yule anayehukumiwa ni hisani yao, au ni deni?

Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo. Hisani hutolewa na mwenye moyo wa kutoa, na asipotoa halaumiwi. Deni hulipwa, apende asipende mdaiwa. Ikiwa kuieleza sheria ni hisani, tumwachie kila wakili na moyo wake. Ikiwa ni deni, basi mtaala wa shahada ya kwanza usiomwandaa mwanafunzi kulilipa una upungufu, hata ukiwa na masomo mazuri namna gani.

Tuutazame mtaala wenyewe. Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, mwanafunzi wa sheria huanza kwa kufundishwa namna ya kusoma sheria na hukumu. Husoma sheria ya katiba, sheria ya mikataba, sheria ya madhara na sheria ya jinai. Baadaye huja sheria ya ardhi, sheria ya ushahidi, mwenendo wa mashauri ya jinai na ya madai, sheria ya makampuni, sheria ya ndoa na mirathi, na falsafa ya sheria. Hushiriki pia katika mahakama za mazoezi, ambamo wanafunzi hutetea shauri la kubuni mbele ya mwalimu aliyekaa kiti cha jaji. Makerere masomo haya huchukua miaka minne, na baada yake anayetaka kuwa wakili huenda kwenye Kituo cha Maendeleo ya Sheria, Kampala, kwa mafunzo ya kazi.

Ni mtaala mpana, na hatuna haki ya kuudharau. Lakini tuangalie umemwelekeza mwanafunzi uso wake wapi. Anapoandika insha, humwandikia mhadhiri. Anaposimama katika mahakama ya mazoezi, husema na jaji. Vitabu vyake, mitihani yake na hoja zake ni vya Kiingereza, pamoja na vipande vya Kilatini. Siku anapopewa shahada, amekwisha kufundishwa kusema na kila aliye juu yake. Kusema na aliyeketi kizimbani amebaki kujifundisha mwenyewe.

Huenda mtu akajibu kwamba hilo ni jambo la adabu na huruma, wala halina uhusiano na elimu ya sheria. Jibu hilo limekataliwa na sheria yenyewe. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikihudumia nchi zetu wakati ule, ilitoa uamuzi katika rufani ya Adan dhidi ya Jamhuri. Mahakama ilieleza hatua ambazo hakimu hana budi kuzifuata kabla ya kumtia mtu hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe. Shtaka, pamoja na mambo yote yanayolijenga kosa hilo, yaelezwe kwa mshtakiwa kwa lugha yake au kwa lugha anayoifahamu. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Kisha mwendesha mashtaka asimulie mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akisema neno lenye kutia shaka juu ya hatia yake, kukiri kule kufutwe. Uamuzi huo wanafunzi wa sheria wa nchi zetu huusoma na kuunukuu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo, katika ibara ya 28, yamtaka mshtakiwa aarifiwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na apewe mkalimani bila ya malipo.

Kwa nini mahakama kubwa ijisumbue na jambo lionekanalo dogo kama hilo? Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ameshtakiwa kwa kuiba baiskeli. Karani amuuliza: "Ulichukua baiskeli ya fulani. Ni kweli au si kweli?" Naye ajibu kwa unyofu: "Ni kweli, niliichukua." Kwa sikio la haraka, shauri limekwisha. Lakini kwa sheria ya jinai ya nchi zetu, kuchukua peke yake si kuiba. Kuiba ni kuchukua kwa hila, bila ya kuamini kwamba una haki juu ya kitu hicho. Kama mtu huyu aliamini kwa dhati kwamba baiskeli ile ilikuwa ya marehemu baba yake, na kwamba imemwangukia yeye katika mirathi, basi amekiri kuchukua na hajakiri kuiba. Kati ya vitenzi hivi viwili pana lango la gereza.

Sasa tuulize ni nani katika chumba kile anayejua kwamba hila na kukosa dai la haki ni sehemu ya kosa la wizi. Ni hakimu, na ni wakili kama yupo. Na ni nani anayezungumza na mshtakiwa? Mara nyingi ni karani au mkalimani, ambaye hakusoma sheria ya jinai na hakuna aliyemwambia kwamba neno "kuchukua" halitoshi. Hivyo mwenye maana hana lugha, na mwenye lugha hakupewa maana. Wazee walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Katika mafumbo ya barazani methali hii yaweza kuchekesha. Mahakamani ni dhuluma, kwa sababu asiyejua maana ndiye atakayefungwa.

Hapa ndipo tunapopata jibu la swali letu. Kumhesabu mtu kuwa anajua jambo ni haki pale tu ambapo kulijua kulikuwa ndani ya uwezo wake. Mwalimu hawezi kumwadhibu mwanafunzi kwa kutojua somo ambalo lilifundishwa katika lugha ngeni kwake na darasani ambamo hakuruhusiwa kuingia. Kila mara mahakama inaposema "ulipaswa kujua", inajitwika ahadi kwamba pana mtu aliye tayari kufahamisha. Ahadi hiyo haitimizwi na karatasi ya sheria, maana karatasi haina mdomo. Hutimizwa na watu waliosomeshwa kazi hiyo. Kwa hiyo twasema ni deni, wala si hisani.

Pana pingamizi tatu ambazo ni haki tuzijibu.

Ya kwanza husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Pingamizi hii husahau historia. Hakimu, wakili, shahidi, dhamana, rehani, wasia, wakfu, mirathi, hukumu: maneno haya yalikuwa yakitumika katika pwani yetu mbele ya makadhi kabla ya sheria ya Kiingereza kufika. Na wanasheria wenyewe waliliona jambo hili mapema. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, na vijana wa Uganda na Kenya walikwenda kusoma huko kabla ya Makerere na Nairobi kuwa na vitivo vyao. Mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, A. B. Weston, aliandika juu ya sheria katika Kiswahili miaka ya 1960 na kukusanya istilahi zake. Mwaka 1999 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Sheria.

Isitoshe, istilahi siyo maelezo. Sheria ya mikataba tuliyoirithi kwa Waingereza hutaka kwamba, kwa kawaida, ahadi isidaiwe mahakamani ila ikiwa aliyeahidiwa naye ametoa kitu kwa ajili yake. Wanafunzi hutumia majuma mengi juu ya fundisho hili. Lakini muuza maharagwe wa sokoni hulielewa akiambiwa: "Ahadi tupu haidaiwi, ahadi ya nipe nikupe hudaiwa." Maneno hayo hayamalizi somo, lakini yafungua mlango wake. Mwanafunzi asiyeweza kuufungua hata kidogo, tuna haki ya kushuku kama yeye mwenyewe ameingia ndani.

Pingamizi ya pili husema kwamba hukumu za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza, na wakili asiyekijua hawezi kuzisoma. Ni kweli kabisa. Hatuombi Kiingereza kiondolewe. Twaomba kisiwe peke yake. Mfano wa Tanzania watufaa hapa. Mahakama za Mwanzo za nchi hiyo zimezoea kuendesha mashauri kwa Kiswahili. Katika mahakama za juu, kwa miaka mingi shahidi alisema Kiswahili na jaji akaandika Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Sheria ya lugha hubadilishwa kwa saini ya siku moja. Lakini jaji au wakili aliyesoma kila kitu kwa Kiingereza habadiliki siku ile saini inapotiwa. Atakayebadilika ni mwanafunzi ambaye bado yuko darasani, na kwa hiyo mtaala usipofuata, sheria mpya itabaki ikiwangoja watu wa kuitumia.

Pingamizi ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo yatuhusu sisi wenyewe. Kwetu Uganda, Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mambo ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Lakini bibi wa Arua anayejua Kilugbara peke yake, au mzee wa Gulu anayejua Kiacholi tu, Kiswahili kwake ni ukuta kama Kiingereza kilivyo. Je, sisi walimu wa Kiswahili tunalia kwa ajili ya mshtakiwa, au kwa ajili ya somo letu? Swali hili hatuna ruhusa ya kulikwepa. Deni tulilolitaja ni la mshtakiwa, na hulipwa kwa lugha ya mshtakiwa, yoyote iwayo. Kiswahili hakina haki ya kuitwa lugha ya haki pale ambapo hakifahamiki. Kinachokipa nafasi katika mtaala wa sheria ni kwamba chavuka mipaka, na kwamba mwanafunzi aliyejifunza kuihamisha maana ya sheria kutoka Kiingereza hadi Kiswahili amepata ustadi ambao aweza kuupeleka katika Kilugbara au Kiacholi, akisaidiwa na wenye lugha hizo.

Twapendekeza nini basi? Katika mwaka wa kwanza, pamoja na kusoma hukumu, kila mwanafunzi aandike maelezo ya kifungu kimoja cha sheria kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, na maelezo hayo yatahiniwe. Katika mahakama za mazoezi, pasikosekane mshtakiwa, awe mtu asiye mwanasheria. Mwisho aulizwe alivyolielewa shtaka lake, na jibu lake lihesabiwe katika alama za mwanafunzi. Tena walimu wa lugha na walimu wa sheria waketi meza moja, wa kwanza wajifunze mambo yanayolijenga kosa, wa pili wajifunze uzito wa kitenzi.

Twajua kwamba saa za muhula hazirefuki. Likiingia jambo jipya, jambo jingine litapunguzwa, na mwenye somo linalopunguzwa atanung'unika, pengine kwa haki. Hatuwezi kuwachagulia wahadhiri wa sheria cha kupunguza. Twaweza tu kuwakumbusha kwamba gharama hii haiepukiki, bali hulipwa na mtu mmoja au mwingine. Isipolipwa na chuo kwa saa chache za kila juma, hulipwa na mtu aliyesema "ni kweli, niliichukua", na yeye hulipa kwa miezi.

Nasi tusingoje vyuo vikuu. Mwalimu wa kidato cha tatu aweza kuwapa wanafunzi wake vitenzi vinne, yaani kuchukua, kuazima, kunyang'anya na kuiba, akawataka waeleze tofauti zake kwa mifano. Litakuwa somo zuri la msamiati. Na baadhi ya vijana hao ndio watakaoketi kesho katika kiti cha karani, cha wakili au cha hakimu.