Je, Kuna Faida Kuchunguza Kisichoondoka?

Mama wa Katuba, katika mji wa Lubumbashi, azaapo mtoto mwenye mwili mlegevu, pembe za macho zilizoinuka na mstari mmoja kiganjani, majirani hunong'ona neno uchawi. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto hivyo. Lakini minong'ono haisomi katiba.

Waganga wa hospitali wana jibu lingine. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, pamoja na Marthe Gautier na Raymond Turpin, walitangaza huko Paris ya kwamba mtoto wa namna hii ana kromosomu 47, hali watu wengine wana 46. Kromosomu ni vijiuzi vidogo mno mwilini, vibebavyo urithi wa baba na mama. Basi hakuna aliyeroga, wala mama hakukosa lolote.

Hapo mtu atauliza: kama uzi ule hauondolewi, yafaa nini kuuchunguza? Swali hili si la kipumbavu, hasa penye uhaba wa dawa za malaria. Lakini karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine tezi ya shingoni ni dhaifu, au masikio hayasikii vema. Uzi haung'oki, lakini moyo hushonwa penye mafundi wake, na tezi ina vidonge vyake. Asiyetambuliwa hufa kwa ugonjwa wenye tiba.

Na kutambua ni kugumu. Mwaka 2017 waganga wa Kinshasa na wenzao wa Ubelgiji waliandika habari za mashine isomayo nyuso. Iliwatambua watoto wa Kibelgiji 80 kati ya kila 100. Wa Kikongo, 37 hivi tu. Ilipofundishwa kwa nyuso za Kikongo, ikafikia karibu 95. Waliopimwa walikuwa wachache, ni kweli. Lakini nyuso hazikubadilika. Jicho ndilo lililofunzwa.

Liko jambo zito zaidi. Ujuzi ule ule hutumika katika nchi nyingine kumtambua mtoto tumboni ili asizaliwe. Lejeune, Mkatoliki, alilipinga jambo hilo hata kufa kwake mwaka 1994, wala hakuacha kuchunguza. Je, angalificha alichokiona? Angaliwaacha akina mama mikononi mwa wanong'onaji.

Mama wa Katuba hahitaji kwanza hesabu ya kromosomu. Ahitaji mganga wa kusikiliza kifua cha mtoto mapema, na mume asiyekimbia.